Mwongozo kwa Dereva Mgeni wa Lori: Usome Kabla ya Kusaini

Kama umekuja mjini na leseni yako ya daraja E ukiamini kwamba kampuni ya malori inatafuta mtu wa kuendesha lori, vuta kiti kwanza. Kuendesha ni sehemu ndogo ya kazi hii, na ndiyo sehemu tamu. Anayetafutwa hasa ni mtu wa kuweka saini. Kampuni ina kichwa, tela, matairi, dizeli, mzigo wa tajiri mwingine, sili ya forodha na makaratasi ya nchi tatu, na vyote hivyo vinatoka getini kwenda mahali ambapo mwenye kampuni haendi. Lazima awepo mtu mmoja ambaye kitu kikipungua jina lake limeandikwa. Huyo ndiye wewe. Nitazungumzia njia ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma, kwa kuwa huko ndiko mzigo uliko, na kwa kuwa ukiimudu hiyo utaiona njia ya Mwanza kama matembezi.

Utaanzia kwenye benchi lililo nje ya geti, iwe ni Tabata, Kurasini au Mbagala. Shika bahasha yako: leseni, cheti cha udereva wa magari makubwa kutoka NIT au VETA, pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, na majina ya wadhamini wawili wenye nyumba au kazi ya kueleweka. Mjomba wako atasaini udhamini bila kusoma, akidhani anathibitisha tu kwamba anakufahamu. Mwache hivyo hivyo. Akisoma, umekosa mdhamini. Watataka pia uzoefu wa miaka mitano. Usijiulize dereva mpya ataupata wapi, maana kila aliyemo ndani ya yadi ile anajua unakopatikana: unapatikana usiku, kati ya Makambako na Igawa, dereva mwenyewe akikoroma kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, na utingo ameshika usukani huku akimwomba Mungu asikutane na askari. Kazi hii imerithishwa hivyo miaka mingi, na hakuna fomu yenye nafasi ya kuliandika jambo hilo.

Kisha utajaribiwa. Utapewa gari lenye tela refu na kuambiwa ulirudishe rivasi hadi liingie kati ya makontena mawili. Zoezi lenyewe halina maajabu kwa aliyelizoea: ukitaka mkia wa tela uende kushoto, usukani unakata kulia, halafu unalifuata taratibu kabla halijajikunja. Ugumu uko kwa watazamaji. Madereva wasio na safari wamekaa juu ya matairi mabovu na vikombe vya kahawa, asubuhi hiyo hawana shughuli nyingine, na kila mmoja atapaza sauti. "Kata! Kata! Acha! Fuata, fuata!" Nusu yao wanakuelekeza kulia, nusu kushoto. Mtafute mzee aliyenyamaza, umtazame mkono wake tu. Ukishindwa, cheka nao, kesho rudi. Ukifaulu hakuna atakayekupongeza, ila utaitwa "dogo" kwa mwaka mzima hata kama una wajukuu.

Sasa twende kwenye makabidhiano, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwa sababu safari nyingi huharibikia yadini kabla ufunguo haujazungushwa.

Siku ya kupewa gari utaletewa karatasi yenye mistari mingi: jeki, spana ya magurudumu, vibao vya pembetatu, kizimamoto, turubai, mikanda ya kufungia mzigo, minyororo, tairi la spea. Kijana wa stoo ataisoma kwa kasi ya dalali wa mnada, na wewe unatakiwa kujibu "ipo, ipo, ipo." Usijibu. Shuka, inama, gusa kila kitu kwa mkono. Jeki huenda ipo ila haipandi. Kizimamoto kipo ila mshale wake umelala kwenye nyekundu. Mikanda ni kumi, mitatu imekatika na kufungwa fundo. Ukifika kwenye matairi, washa kurunzi hata kama ni mchana. Kichwa cha difu mbili kina matairi 10, tela la ekseli tatu lina 12, hayo ni 22 bila spea, na kampuni makini huyachoma namba ubavuni kwa chuma cha moto. Wanafanya hivyo kwa sababu tairi la 315/80 R22.5 lina wanunuzi kuanzia Chalinze hadi Kolwezi, na kwa sababu wapo waliotangulia mbele yako walioondoka na mapya wakarudi na vipara. Soma namba zote 22, hata zile za ndani zilizojificha kwenye tope. Ukikuta moja hailingani na karatasi, sema iandikwe. Kijana wa stoo atakuangalia kwa huruma na kukuambia, "Hiyo tunaijua, kaka, wewe saini tu." Katika ajira yako yote hutasikia sentensi ya gharama kuliko hiyo.

Kuhusu mshahara, usiuangalie mshahara. Ule ulioandikwa kwenye mkataba ni mdogo kiasi cha kumtia mtu haya. Hela yenyewe ni posho ya safari, ambayo wengine wanaiita mailiji. Gari likitembea unakula. Likilala gereji wiki tatu kwa kusubiri spea, unakula kwa daftari la mama ntilie. Tajiri anaupenda utaratibu huu kwa sababu mchango wa NSSF, ambao ni asilimia 20 ya mshahara na angalau nusu yake anatakiwa kuitoa yeye, unapigwa kwenye ule mshahara mdogo, si kwenye posho. Na wewe pia utaupenda, maana hela inaingia mkononi ikiwa nzima. Mtaachana naye siku utakapofika dirisha la pensheni.

Mkataba wenyewe utapewa. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, na pamoja na kukataa agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, kilio chao kikubwa kilikuwa mikataba ya ajira. Hawakukumbuka kudai iandikwe kwa lugha ya aliyegoma. Kwa hiyo utawekewa mezani kurasa za Kiingereza zenye mhuri, na kalamu juu yake, na dada wa mapokezi atakuambia gari lako linapakia saa nane. Omba nakala. Ataahidi kukutumia. Na ujue kwamba kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi asiyefikisha miezi sita kwa mwajiri huyo hana mahali pa kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali. Katika miezi hiyo sita wewe ni mgeni, na mgeni hapandishi sauti stoo.

Dizeli ina hesabu zake. Kila safari imepangiwa lita, na lita hizo zimepigwa na mtu wa ofisini ambaye katika kompyuta yake hakuna foleni, hakuna mlima wa Kitonga, na upepo siku zote unavuma kutoka nyuma. Zikipungua utakatwa. Unaweza kudhani basi zikizidi utasifiwa. Jaribu: bakiza lita hamsini, uzitangaze kwa fahari mbele ya meneja usafirishaji. Safari inayofuata utapewa pungufu kwa lita hamsini, na si wewe peke yako, ni madereva wote wa kampuni, na hapo utafahamu kuchukiwa kukoje. Ndiyo maana wakongwe hurudi na tenki lililobaki vilevile ofisi ilivyotabiri, hata tone halizidi. Ziada ilikwenda wapi, usiulize. Wanaosimama na madumu gizani pembeni ya barabara hawakuja kuteka maji. Lakini sikushauri uwafuate. Siku hizi kuna kihisi ndani ya tenki, na mafuta yakishuka ghafla gari likiwa limesimama, ofisini unachorwa mstari unaoporomoka, na mstari huo hauna utetezi.

Anayeutazama mstari huo ni jamaa wa trekingi. Mzoee. Ni kijana mpole, ana kiyoyozi, na hajawahi kuvuka Kibaha. Yeye anakuona kama nukta juu ya ramani, na nukta ikisimama anapiga simu.

"Dereva, mbona umesimama?"

"Nakula."

"Mbona dakika arobaini?"

"Ni kuku wa kienyeji."

Mjibu kwa upole kila anapopiga, kwa sababu ndiye huyohuyo atakayekupigia saa tisa usiku kukuuliza kama unalala, na utakapokwama kweli porini ndiye atakayekwambia uwe na subira. Kazi yake nyingine ni kuripoti mwendo. Sheria inalitaka lori lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu 50, na barabara ya kutoka Chalinze kuendelea ni kijiji kikishika mkono wa kijiji. Ofisi inataka usizidi mwendo; ofisi hiyohiyo inataka ufike Tunduma kesho jioni. Usijaribu kuzipatanisha hizi amri mbili, wewe tii ile itakayopigiwa simu mwisho. Askari wenye tochi nao wako kazini nyuma ya mwembe, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na itatoka kwenye posho yako. Magari yanayotoka mbele yatakuwashia taa. Na wewe wawashie wengine, ni sadaka isiyokugharimu kitu.

Mizani hutaikwepa: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari refu kuliko yote, na kila ekseli ina kikomo chake, ikivumiliwa asilimia 5 tu. Mtego uko kwenye ekseli. Jumla yako inaweza kuwa sawa kabisa, halafu ekseli za nyuma zikasoma zaidi kwa sababu waliopakia bandarini waliona ni rahisi kurundika upande mmoja. Utaambiwa usogeze mzigo. Mzigo uko ndani ya kontena, kontena lina sili ya forodha, na sili ikikatwa ni kosa kubwa kuliko uzito. Kwa hiyo unatakiwa kusogeza mbele kitu ambacho hutakiwi kukigusa. Piga simu ofisini. Ofisi itakuuliza, "Kwani ulisaini kupakia bila kuangalia?" Ulisaini, ndiyo, ulikuwa nje ya uzio umezuiwa kuingia, na karatasi ikaletwa dirishani.

Mikumi pita taratibu. Barabara inakata ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na bango la faini limeorodhesha wanyama na bei zao kwa dola kama menyu ya hoteli. Twiga ni 15,000. Bei ya dereva haijaandikwa.

Baada ya Ruaha Mbuyuni, ukishapita mibuyu na wauza vitunguu, unaingia Kitonga. Kwenda unaupanda, na lori lenye mzigo linapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Vijana wenye visu wanaufahamu mwendo huo. Wanadandia nyuma, wanapasua turubai na kushusha wanachotaka huku wewe uko kwenye gia ya pili unasikiliza taarab. Zamani utingo alikuwa anashuka na kutembea nyuma ya tela. Siku hizi kampuni nyingi zimewaondoa mautingo ili kubana gharama, kwa hiyo nyuma ya tela hakuna mtu, ila wajibu wa kulinda nyuma ya tela umebaki kwenye mkataba, ukurasa wa tatu. Na lori moja likifia kwenye kona, mlima wote umefungwa, na utalala hapo. Wazee watakuambia hii ni lelemama. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalikosa njia ya kusini, yakapitishwa huku kwa malori kwenye vumbi na matope, na shaba ikarudi vivyo hivyo. Kwa Kiingereza barabara hii iliitwa njia ya jehanamu. Wasikilize wazee kwa heshima. Mzee aliyepita Kitonga kabla ya lami ana haki ya kukaa mbele kwenye kila kijiwe cha kahawa kuanzia Mafinga hadi Mlowo.

Tunduma. Ukifika Mpemba ukaona malori yamesimama upande mmoja wa barabara na madereva wameanika nguo kwenye vioo, usipige honi, hiyo ndiyo foleni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2019, na kwa kweli kimepunguza mambo: unasimama mahali pamoja badala ya pawili. Hakikisha una kadi mbili za njano. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni yako wewe. Nyingine ni ya bima ya gari, ya COMESA, umoja ambao Tanzania ilijitoa mwaka 2000 lakini kadi yake tunaendelea kuitumia bila kinyongo. Kwenye mpira kadi mbili za njano zinakutoa uwanjani. Hapa usipokuwa nazo zote mbili huingii. Wakala wa forodha wa kampuni atakuwa "njiani anakuja" kwa siku mbili. Ukishavuka, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Trekingi hawatarudisha yao.

Zambia sina mengi. Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi: barabara ndefu, pori, na usingizi. Usingizi ndio unaoua huko. Tafuta wenzako wawili watatu mtembee pamoja, na mkisimama kula nshima muegeshe mahali penye taa.

Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ndiko kazi yenyewe iliko, na tangazo la ajira halikuitaja. Foleni ikiwa mbaya, mkia wake unarudi hadi nyuma ya Chililabombwe, na utakaa humo siku kadhaa ukisogea urefu wa gari moja, halafu mawili, halafu hakuna. Hapa ndipo sanduku la chakula lililofungwa ubavuni mwa tela linakuwa nyumba. Ndani yake weka mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, unga, mchele, dagaa wa Mwanza waliokaushwa vizuri, chumvi, ndimu, na kisu ambacho hutamwazima mtu. Maji jaza kwenye madumu Zambia. Chagua majirani: aliye mbele yako na aliye nyuma yako ni ndugu zako kuanzia sasa, mtapika kwa zamu, mtalinda kwa zamu, na akiugua mmoja mtachanga. Mwombe wa nyuma akugongee foleni ikisogea usiku. Ukipitiwa na usingizi nafasi ikaachwa wazi mbele yako, atatokea mtu kutoka gizani na kuchomekea, na siku yako nzima imepotea kwa dakika tatu za ndoto. Betri zifunge kwa kufuli mbili. Zinaibiwa ukiwa umelala juu yake.

Sheria ya Ajira niliyoitaja inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Swali zuri ni hili: aliye kwenye foleni ya Kasumbalesa yuko kazini au amepumzika? Ukiuliza kuhusu malipo ya ziada, ofisi itakujibu kwamba gari halikutembea, kwa hiyo ulikuwa mapumzikoni. Betri ikiibiwa saa kumi alfajiri, inabainika kwamba ulikuwa kazini tangu Jumatatu.

Ukipita geti la Kongo, jambo la kwanza ni kuhama upande. Kongo wanaendesha kulia. Usukani wako uko kulia vilevile, maana yake ni kwamba umekaa pembeni mwa barabara ukitazama nyasi, na lori lililo mbele yako limekuziba macho kabisa. Kulipita unahitaji mtu wa kukaa kiti cha kushoto na kukuambia kama kuna kitu kinakuja. Mtu huyo alikuwa utingo. Mfuate basi huyo wa mbele polepole, Lubumbashi haifiki kilomita 100, na vumbi lake haliui. Lugha haitakusumbua, Kiswahili chao utakielewa hadi wafike kwenye bei, hapo wanahamia Kifaransa. Kila mwenye kofia atakuita patroni na kukuomba hela ya sukre, yaani soda, na kwa ukubwa wa kiasi wanachokitaja utadhani ni ya ukoo mzima. Risiti hawana. Fomu ya marejesho ya hela ya njia ina safu pana kabisa iliyoandikwa "risiti". Usijitengenezee, mhasibu anaufahamu mwandiko wako, ndio uliotia saini kila kitu.

Ukishashusha salfa yako, au chochote ulichopeleka, utasubiri mzigo wa kurudi, na mzigo wa kurudi ni shaba. Hapa sikiliza kwa makini, natania kidogo tu katika mwongozo huu na hapa sitanii. Shaba hailingani na macho. Utaona vifurushi vya bamba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, kumi na vichache, vimelala chini chini kwenye sakafu ya tela, hata turubai linabaki na nafasi kubwa. Utahisi umebeba nusu. Umebeba zaidi ya tani 25, tena za kitu kizito kilichobana mahali padogo. Hesabu vifurushi, soma namba zake, angalia kama kuna mkanda uliolegea, na kama hesabu yako na yao hazilingani usiondoke, hata wakuambie nini. Kila bamba linalokosekana Dar es Salaam linatafutwa kwanza mfukoni mwa dereva.

Sasa na shaba hiyo unashuka Kitonga. Wazee wanasema mlima unashukwa kwa gia ileile uliyopandia, na hawakuisoma kitabuni. Ila kuna zile lita za ofisi. Dereva aliyekwisha tumia dizeli yake kwenye foleni anaanza kutafuta mahali pa kuifidia, na njia rahisi ni kuachia gari nyutro kwenye mteremko, injini ipumzike, breki zibebe. Breki zinabeba kona mbili, tatu, kisha zinaanza kutoa harufu, kisha hazipo. Ukisikia gari limetumbukia Kitonga likiwa na shaba, watu watasema mwendo kasi, na ripoti itaandika uzembe wa dereva. Yule aliyepiga hesabu ya lita hatatajwa, na kusema kweli hakuwepo.

Ukifika yadini salama, usikimbilie nyumbani kuoga. Kaa mpaka ufunge hesabu. Kijana wa stoo atakuja na karatasi ileile, sasa anasoma taratibu sana. Mkanda mmoja haupo. Kizimamoto, ambacho mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu tangu mwanzo, sasa kimegundulika kwamba ni kibovu. Mhasibu atajumlisha: mkanda, kizimamoto, lita thelathini, faini mbili za tochi, hela ya njia isiyo na risiti. Atakugeuzia skrini uone mwenyewe kwamba unadaiwa na safari uliyoifanya.

Hapo ndipo ungeweza kutaja kifungu cha 28 cha ile Sheria ya Ajira. Kinamtaka mwajiri anayekukata kwa hasara akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wako. Kitaje kwa sauti ya chini, kwa adabu, ukianza na "samahani, mheshimiwa." Mhasibu ataacha kuandika. Atakuuliza umesoma wapi. Atapunguza makato kidogo, atacheka, atakupa mkono. Halafu kesho asubuhi, kwenye ubao wa safari, utakuta jina lako mbele ya lile lori lililoko nyuma ya gereji, lenye nyasi zilizoota kwenye matairi na kuku wanaotagia ndani ya kebini. Litahitaji siku nyingi kutengenezwa, na posho haianzi mpaka litoke getini. Sheria ile ina vifungu zaidi ya mia moja. Vilivyobaki utavisomea humo.